Mama wa Kisimani

Herieth alikuwa fundi cherehani pale Kibaoni, na kila Jumapili akitoka misa alijifungia chumbani na laptopu yake, akicheza gemu moja ndefu kama novena, ile sala ya siku tisa. Ilihusu ndugu wawili waliogombea ufalme. Ukifika katikati unaulizwa: umfuate kaka mtu au mdogo mtu? Ukimfuata mmoja, hadithi ya mwenzake imefungwa.

Hilo halikumkera. Yeye alimfuata mdogo mtu. Shilinde, muuza dawa za mifugo wa duka la mkabala, alimfuata kaka mtu, na wiki nzima walisimuliana ya kila upande.

Kero ilikuja siku aliyoimaliza. Mdogo mtu alimuua kaka yake, kisha akalia, akitaja maneno ya mama yao kisimani. Herieth akaduwaa. Maneno gani? Kesho yake asubuhi akavuka barabara.

"Kaka Shilinde, mama yao wewe ulimwona?"

"Mama yupi? Si alikufa zamani?"

Wakatafuta mtandaoni. Kumbe mama alikuwa hai. Alikaa kisimani katika sura ya pili, amejifunika shuka, na ulitakiwa umsalimie mara mbili kabla hujavuka daraja. Ukishavuka, humpati tena. Hakuna anayekwambia.

"Nilimsalimia, akaitikia, nikaenda zangu," Herieth alisema. "Mtu mzima akishaitikia marahaba, unamwamkia tena ya nini?"

"Si yale yale ya kuchagua, dada? Njia moja inafungwa."

"Si yale yale. Nilipomwacha kaka mtu nilijua namwacha. Hapa sikuchagua kitu. Nimenyimwa, halafu nionekane mzembe."

Aliapa hairudii. Jumapili iliyofuata akaanza upya, akijilaumu. Safari hii hakumwamini mtu. Alisalimia kila mwanakijiji mara tatu, akachungulia kila chungu, akaongea mpaka na mbuzi. Hadithi iliyokuwa ikimkosesha usingizi sasa ilikuwa kama kuchambua mchele wenye mawe.

Alipofika kisimani akamwita Shilinde aje ashuhudie. Mama akaitikia salamu ya pili, akafunua uso, akakiri kwamba yeye ndiye aliyewagombanisha wanawe: alimwambia kila mmoja kuwa mwenzake ndiye aliyemsaliti baba yao. Dakika moja na nusu, basi.

"Kumbe kaka mtu hakuwa na kosa," Shilinde akasema. "Nimemcheza mwezi mzima huku namchukia."

"Ndiyo maana nina hasira," Herieth alijibu. "Ingekuwa upuuzi ningesamehe. Kitu kizuri namna hii, unakifichia nini?"

Akaendelea peke yake Jumapili mbili zaidi, akiamini kwamba kwa kuwa mdogo mtu sasa anajua ukweli, kaka yake atapona. Hakupona. Alichomwa upanga ule ule, mahali pale pale. Herieth alilia kama aliyefiwa. Kisha akaifuta gemu, akampigia Shilinde kumwambia kwamba amelia, na kwamba hasira bado haijaisha.