Majina ya Mama Cecilia

Mgeni alitukuta kwenye baraza ya kanisa la Newala, mimi na Mama Cecilia, tukinakili wimbo wa arobaini na moja. Hatukumtarajia mtu. Alisimama juani, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, akangoja tumalize ubeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita kivulini. Marko, mpe mgeni maji."

Huku juu kwetu maji hayamwagwi ovyo. Wanawake huyafuata bondeni, chini ya genge, huondoka alfajiri na kurudi jua limeshapanda. Nilimchotea kata moja. Alikunywa nusu, nusu akairudisha kwa mikono miwili. Nikajua amelelewa vizuri.

"Namtafuta mama anayewaita wafu," alisema.

"Siwaiti, baba, wasije wakaitika," alijibu Mama Cecilia. "Nawaimba tu."

Mgeni akacheka kidogo, kama mtu aliyesahau kucheka. Akasema anaitwa Bwanali, mkulima wa Chiungutwa. Ametembea siku mbili. "Mimi ni Mwislamu, mama. Sikuja kusali. Nimekuja kuomba."

Ilikuwa mwisho wa Oktoba mwaka 1906. Bunduki za Maji Maji zilikuwa zimenyamaza upande wetu, ila njaa ilibaki, na hofu. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu tangu nimalize chuo cha ualimu Unguja. Padre Cyril alinipa kazi moja kubwa kuliko zote: kuandika nyimbo za Mama Cecilia, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kuandika. Kwa miaka ishirini alizitunga akiwa njiani, mtungi kichwani, na watu wakazishika kwa kusikia.

Nilipofika nilijiona msomi. Nyimbo zake niliziona fupi mno, nikazirefusha zifanane na zile za chuoni. Alfajiri iliyofuata wanawake walijaribu kuimba ubeti wangu wakipanda genge. Walikatika katikati, wakahema. Scholastika, aliyekuwa mbele, akageuka.

"Mwalimu, wimbo wako huu ni wa watu waliokaa kwenye viti."

Mama Cecilia hakunikemea. Alinitwika mtungi. Walicheka hadi wakatua mizigo yao, maana nani amewahi kumwona mwanamume kajitwika mtungi? Maji yalinimwagikia shingoni, na kwenye kona ya pili pumzi ikaniishia. Ndipo nilipoelewa kwa nini anaimba hivi:

*Mungu amejitwika
mtungi wetu.
Hatautua
mpaka nyumbani.*

Kila mstari ni hatua nne na pumzi moja. Wapo wazee waliolalamika kwamba kumtwika Mungu mtungi ni kumfanya mwanamke. Mama Cecilia aliwajibu, "Basi nanyi msinywe." Toka siku ile sikuongeza neno langu hata moja. Niliandika kwanza kwenye kibao, nikamsomea, nikafuta, na ubeti ukikubalika ndipo niliuandika kwa wino katika daftari. Daftari lilikuwa hilo hilo moja. Karatasi zilikuwa adimu.

Wimbo aliokuja kuutafuta Bwanali ndio uliokuwa wa mwisho katika daftari. Huimbwa mara moja kwa mwaka, Siku ya Marehemu Wote. Mama Cecilia hutaja jina la mtu aliyefia njiani, vitani au porini, mtu asiye na kaburi, nasi huitikia, "Mungu anamjua." Majina huletwa na yeyote.

"Mdogo wangu Sijaona alikuwa akijifunza dini kwenu Masasi," Bwanali alisema. "Nilimkasirikia sana. Kisha watu wa maji wakapita, naye akawafuata. Nikamkasirikia tena. Alipigwa risasi upande wa Lukuledi. Mwili hatukuuona. Matanga ya waasi yamepigwa marufuku, kwa hiyo mama yetu hulia shambani, nguo mdomoni." Akapangusa vumbi magotini. "Usiku wa kuondoka aliniimbia wimbo wenu. Akasema, kaka, nikifia njiani, kamwambie yule mama wa Newala."

"Siku yenyewe ni keshokutwa, Ijumaa," alisema Mama Cecilia. "Kaa, upumzike. Nitamtaja."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekubali kumwazima jirani ungo.

Padre Cyril alipopata habari alikuja mbio, joho likimpiga miguuni. Ni Myao mpole, ndiye aliyenifundisha kusoma. Sikuwahi kumwona na hofu kiasi kile.

"Mama, mwaka huu haiwezekani. Karatasi yoyote inayokwenda pwani lazima ipigwe muhuri na akida wa Wajerumani. Karani wake anakuja Ijumaa kuzisikiliza nyimbo kwanza. Akiridhika, Jumamosi mpagazi analichukua daftari mpaka Lindi, na Unguja wanasubiri kulichapa. Ukimtaja mwasi mbele yake, unadhani litatoka hapa?"

"Halitatoka," alikubali Mama Cecilia.

"Tena kijana mwenyewe hakubatizwa!"

"Mama yangu naye hakubatizwa, Padre. Mbona kila mwaka mnamwitikia?"

Padre alinitazama mimi nimsaidie. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kumsaidia. Nilikuwa nimekwisha kukiona kitabu kile katika ndoto zangu, kiko mikononi mwa watu wa Masasi na Mnyambe na mbali zaidi, nyimbo za kwetu zenye pumzi ya kwetu. Padre alipoondoka nikapiga magoti karibu na Mama Cecilia.

"Mama, mtaje moyoni. Mungu husikia."

"Mungu hana shida ya kusikia, mwanangu. Mwenye shida ni Bwanali."

"Lakini miaka ishirini, mama!"

Alikuwa akipepeta mtama, aliendelea mpaka makapi yakaisha.

"Nilifika Masasi mtoto, pamoja na watu waliokombolewa utumwani," alisema. "Mama yangu alianguka njiani. Msafara wa watumwa haukusimama. Baadaye Wazungu wakaniuliza, mama yako nani? Nikasema, mama. Jina jingine sikulijua. Mtoto mdogo hamwiti mama yake kwa jina. Kwa hiyo, Marko, mtu akiniletea jina zima, lenye kijiji na kaka wa kulibeba siku mbili, nilifanye nini? Nilirudishe?"

Usiku ule nililiandika jina la Sijaona katika daftari kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Ijumaa kanisa lilijaa. Karani wa akida alipewa kiti mbele. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, na mfuko wenye muhuri ulikuwa magotini mwake. Bwanali hakuingia; alisimama nje penye dirisha. Mimi nilikaa na daftari mapajani, pembeni ya waimbaji.

Nyimbo za mwanzo zilimpendeza karani. Tulipofika kwenye wimbo wa mtungi, niliona mguu wake ukifuata hatua nne zile. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaufungua mfuko. Nilimtazama Mama Cecilia nikitumaini, kwa aibu, kwamba atasahau.

Alisimama. Ni mwanamke mfupi, shingo imekazwa na mitungi ya miaka. Alianza majina bila ngoma, kama kawaida.

"Mwanne wa Mnyambe."

"Mungu anamjua."

"Tomaso aliyefia mtoni."

"Mungu anamjua."

Alivuta pumzi.

"Sijaona wa Chiungutwa, aliyepigwa risasi Lukuledi."

Kanisa zima lilinyamaza. Karani aliinua uso. Nilisikia mbuzi akilia nje. Mama Cecilia hakurudia jina, wala hakutazama mtu. Alingoja tu, kama anavyongoja njiani mwenzake aliyechoka.

"Mungu anamjua," nilisema. Sauti yangu ilikuwa peke yake, tena ilikwaruza.

"Mungu anamjua," alisema Scholastika kwa sauti kubwa.

Kisha ikaja sauti kutoka madhabahuni, ya Padre Cyril, taratibu, macho ameyafumba. Kisha watu wote.

Karani aliufunga mfuko wake. Alinijia, akanyoosha mkono. Ningeweza kukimbia, lakini kanisa lilikuwa limezungukwa na uwanja mtupu, na watu hawa wangelipa kwa ajili yangu. Nikampa daftari. Alilikunja mara mbili kama jani la mgomba, akatoka nalo.

Mama Cecilia aliona. Nilimwona akiona: midomo ilimcheza, na mkono ukashika nguo kifuani. Majina manne yalikuwa yamebaki. Aliyataja yote, moja moja, kwa mwendo ule ule, mpaka akafika kwa yule ambaye humweka mwisho kila mwaka.

"Mama yangu, ambaye jina sikulijua."

"Mungu analijua," tuliitikia, na safari hii ilikuwamo pia sauti ya mwanamume mmoja aliyesimama nje penye dirisha.