Makabidhiano kwenye Mlango wa Wakili

Muuguzi aliingia kituo cha msaada wa kisheria saa tatu kasorobo asubuhi, sare ya kazi ikichungulia chini ya sweta na usingizi umemjaa machoni. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Angepita nyumbani kwanza, lakini kitanda chake alikijua kwa ushawishi, na wakili wa kituo alisikiliza watu bila malipo siku moja tu kwa wiki.

Ndani ya mkoba alibeba karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa kweli haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, mwanamke ambaye hajawahi kushindwa kesi kwa sababu hajawahi kufika mahakamani. Jumapili nzima dada alikuwa ameketi naye jikoni akimworodheshea makosa ya shemeji: mlevi, mkali, hana ratiba.

"Peleka hii," alisema dada, "maana wewe una huruma za kijinga. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hakimu akisikia unakesha kazini siku nne kwa wiki na mwenzio yuko nyumbani muda wote, mtoto huna."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa rohoni. Talaka yenyewe ilikuwa haimtishi tena. Yeye na mumewe, fundi wa makochi, walikuwa wameshakubaliana miezi mitatu nyuma. Ndoa yao haikuvunjika kwa kishindo. Ilichuja kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi, mpaka siku moja wakaangaliana wakaona hakuna ua lililobaki. Fundi akahamishia nguo zake kwenye vyumba viwili vya nyuma ya karakana yake, na hakuna aliyerusha sahani. Kilichobaki ni Kidoti, binti yao wa miaka minane, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake. Kumkosa Kidoti ndiko kulikomnyima muuguzi usingizi hata siku alizoruhusiwa kulala.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo fundi alimleta mtoto hapo hapo kituoni, mama akitoka kwa wakili aondoke naye, yeye akapeleke kochi kwa mteja. Wakaketi kwenye benchi la ukumbini wote watatu, wakimenya karanga na kucheka jambo alilosema Kidoti. Mpokezi aliwatazama kwa furaha akamuuliza muuguzi kama wamekuja kusajili ndoa.

"Kuivunja," alijibu muuguzi.

Mpokezi aliinamia daftari lake, na hakuuliza mtu mwingine swali lolote asubuhi ile.

Wakili alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Alifunga mlango, akapokea karatasi ya dada, akaisoma bila haraka.

"Mlevi. Anakunywa nini?"

"Chai," alisema muuguzi.

"Mkali?"

"Kwa wateja wanaopanda kochi na viatu."

"Hii karatasi kaandika nani, dada yangu?"

"Dada."

"Dada ndiye anayeachana na mume?"

"Hapana."

"Basi tumrudishie mali yake." Wakili aliikunja mara nne kama ilivyokuja. "Uongo mmoja mbele ya hakimu, na ukweli wako wote unaugua. Hakimu hatatafuta nani mbaya kati yenu. Atataka kujua mtoto ataishi vizuri wapi na kwa namna gani. Nijulishe habari za mtoto."

Akamsogezea fomu ya kurasa mbili. Muuguzi alianza kwa kasi. Pumu ya Kidoti, dawa zake na vipimo vyake, vyakula vinavyomdhuru, tarehe za chanjo, vyote alivijaza kwa mwandiko wa mtu aliyezoea mafaili. Kisha akafika nusu ya ukurasa wa pili. Namba ya kiatu. Mwalimu wa darasa mwaka huu. Mtoto anaogopa nini. Kalamu ikasimama.

Hapo mtu mwenye akili za kesi angekisia, au angeruka. Muuguzi alifanya kile ambacho miaka tisa ya zamu ilikuwa imemfundisha, kwamba habari za mgonjwa huulizwa kwa aliyekuwa naye. Wodini kwake hakuna anayevua sare kabla ya kumkabidhi mwenzake kila kitanda kwa maneno. Desturi hiyo aliileta nyumbani Kidoti alipokuwa mchanga. Mmoja akiingia na mwingine akitoka, walisimama mlangoni wakapeana ripoti: amekula nini, amekohoa mara ngapi, daftari gani halijasainiwa. Hata walipokuwa wamenuniana wiki nzima, ripoti ilitolewa. Ndoa ilikufa, ripoti ikabaki.

Akainuka, akafungua mlango.

"Baba Kidoti, anavaa kiatu namba ngapi siku hizi?"

"Thelathini na mbili," alijibu fundi akija mlangoni, hata hakuuliza kwa nini. "Vile vya shule vimeanza kumbana kidole gumba."

"Mwalimu wake?"

"Yule mrefu wa hesabu. Anasema tumsaidie kugawanya, kuzidisha anaweza."

"Anaogopa nini?"

Fundi alimtupia jicho mtoto aliyebaki kwenye benchi, akashusha sauti. "Mashine yangu ya kukatia sponji. Na wewe ukichelewa kutoka kazini. Anakaa dirishani mpaka aione sweta yako."

Muuguzi hakulijua hilo. Fundi akaendelea na ripoti yake. "Nami niulize. Ile dawa ya kuvuta, akitaka kukimbia apewe kabla au baada?"

"Kabla. Robo saa kabla, mara mbili."

"Kabla, mara mbili," alirudia fundi, akarudi kwenye karanga.

Mlango ulipofungwa ndipo muuguzi alipogundua alichofanya. Kazi aliyokuja kuifanya alikuwa ameifanya kwa niaba ya upande wa pili, tena wakili wake akisikia. Alikaa chini taratibu.

"Nimejimaliza," alisema.

Wakili alikuwa amevua miwani anajifuta macho kwa kucheka. "Miaka sita niko kwenye kiti hiki, sijaona mtu anamwita mpinzani wake aje amsaidie kujaza fomu." Kisha akavaa miwani, akawa wakili tena. "Mnafanya hivyo kila siku?"

"Kila zamu."

"Kuna watu nawaomba mwaka mzima wapeane japo salamu kwa ajili ya mtoto, hawawezi. Leta ratiba yako ya kazi."

Wakaandika rasimu kwa kufuata ratiba ya wodi. Siku za zamu ya mchana na za mapumziko Kidoti angelala kwa mama, na siku za zamu ya usiku angelala kwa baba. Asubuhi zisizo za shule mama angemchukua saa mbili, akitoka kazini. Maamuzi ya shule na matibabu wangeyafanya wote wawili. Mahakama ikiridhia, ingekuwa amri. Muuguzi alisoma akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Ila sikiliza," alisema wakili. "Mimi ni wa kwako, si wa kwake. Lazima aende kwa wakili mwingine asomewe na ashauriwe kabla ya kusaini. Na huyo akiijua kazi yake, atamwambia anaweza kudai zaidi. Nakwambia mapema usije ukashtuka."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Ripoti za mlangoni ziliendelea kama kawaida, za kikohozi na kugawanya, na rasimu aliyopewa fundi haikutajwa hata mara moja. Dada aliposikia habari nzima akasema, "Umemshikisha mpini, wewe umebaki na makali." Muuguzi naye aliwaza hivyo hivyo kila alipokuwa akitandika vitanda vya watoto wa wenzake.

Siku ya wakili ilipofika tena, fundi alikuja kituoni amevaa shati lililopigwa pasi. Aliketi mbele ya wakili, bahasha juu ya magoti.

"Wakili wangu ni mtu mzuri," alianza. "Ameniambia ukweli. Kwa kuwa karakana iko nyumbani, na mtoto analala kwangu siku nyingi zaidi, nikidai akae kwangu moja kwa moja nina nafasi kubwa."

Muuguzi alishika ukingo wa kiti.

"Nimemwambia nimeelewa," alisema fundi. "Nimebadilisha kifungu cha nne tu."

Alitoa rasimu akaisogeza mezani. Wakili aliitazama, akaipeleka kwa muuguzi. Kifungu cha nne kilikuwa kile cha asubuhi baada ya zamu ya usiku. Fundi alikuwa amekata kwa mstari saa mbili asubuhi, akaandika saa nane mchana. Pembeni, kwa herufi zile zile za mraba anazoandikia majina ya wateja kwenye vitambaa, aliongeza maneno mawili: *Alale kwanza.*

Muuguzi aliyasoma mara tatu. Hakutamani kurudiana na mtu huyu, na alijua hatatamani. Lakini miaka kumi ya ndoa hakuwahi kuambiwa neno lililomfika namna ile, na machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Alikuwa na furaha, akaona hakuna haja ya kuificha.

Fundi alijisogeza kwenye kiti. "Nimekosea?"

"Hapana, Baba Kidoti."

"Kwa lugha ya mahakama huwa tunaandika kwa urefu zaidi," alisema wakili, akitafuta kalamu. "Naweza kukuandikia kwamba mama apewe muda wa kutosha wa mapumziko baada ya..."

"Yaache hivyo hivyo," alisema muuguzi, akaichukua kalamu mkononi mwake na kusaini.