Bafu la Wakwe

Wazee sita walikuwa wameketi ndani ya maji ya moto, uchi kama walivyozaliwa, kila mmoja na kitambaa kidogo kichwani, na wote wakitabasamu. Kigen aliitazama picha hiyo kwenye simu ya mkewe, Jeptoo, kisha akalisukuma bakuli lake la uji hadi upande wa pili wa meza. Hamu yote ilikuwa imemtoka.

"Huyu anatoka, yule anaingia, na maji ni yale yale?" aliuliza.

"Wanaoga kwanza na sabuni, Dad," Brandon, mwana wao, alijibu kwa simu kutoka Tokyo. "Hiyo ni ya ku-soak tu."

"Kulowekwa! Wao ni maharagwe?"

Jeptoo alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Mbele yake palikuwa na daftari ambamo alikuwa ameiandika safari yao ya wikendi moja huko Japani, hata dakika za treni hakuziacha. Jumamosi asubuhi wangekwenda Odawara kuiona ngome. Mchana wangeifuata pwani hadi Atami, walale kwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto yatokayo ardhini, na Jumapili waketi ufukweni kabla ya kurudi Tokyo. Kigen alikuwa ameyakubali yote bila kinyongo. Alikubali ngazi za ngome na magoti yake ya miaka hamsini na minane, akakubali kulala sakafuni, hata samaki mbichi wa kifungua kinywa alikuwa ameshamwombea. Kisha Brandon akataja bafu.

Si kwamba Kigen alikuwa mtu wa kuogopa miili ya watu. Kila asubuhi alitoka Pearland, kule ughaibuni walikohamia, kwenda hospitalini kuuguza wanaume waliopasuliwa matumbo, na kwa miaka ishirini na miwili mikono yake ilikuwa imepangusa kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu. Kilichomtia kichefuchefu ni kwamba mmoja wa hao wazee wa kwenye maji angekuwa Mzee Morita, babake Ayaka, mchumba wa Brandon. Kule Baringo alikokulia, mkwe ukimwona kwa mbali unafunga vifungo vya shati. Baba yake mwenyewe aliwahi kurudi nyuma maili nzima, tena juani, kwa sababu aliambiwa mkwewe anaoga mtoni. Leo yeye aketi na mkwe kwenye sufuria moja, goti kwa goti!

"Mr. Morita hajasema kitu about the wedding mwaka mzima," Brandon alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Sasa amechagua hiyo inn mwenyewe. Anataka kuoga na wewe, Dad. Kwake hiyo ndiyo yes. Ukikataa, sijui Ayaka nitamwambia nini."

"Mimi nitaoga na mama yake," Jeptoo akadakia. "Kwani nina mkia?"

Jumatatu, kwenye maegesho ya hospitali, Kigen alimpigia mwanawe simu peke yake. Alimwagiza amweleze Mzee Morita kwamba baba ana ugonjwa wa ngozi, mbaya sana, wa kutisha watu, na kwamba asingependa kuyachafua maji ya wenzake.

"Tangu lini?" Brandon aliuliza.

"Mwambie hivyo tu, kijana wangu."

Brandon alikuwa ameishi naye nyumba moja miaka kumi na minane, na ngozi ya babake aliijua. Alisema, "Okay, Dad," kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa kitu kilichooza na kuambiwa akipeleke kwa jirani.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kigen ilivuka bahari, ikafika Japani na kurudi kwa siku tano tu. Jumamosi iliyofuata, wakiwa mezani tena, simu ya Jeptoo ililia.

"Amebadilisha inn," Brandon alisema. "Ametafuta mahali ambapo maji yake yanasaidia ngozi. Na ame-book private bath, wewe Dad, yeye na mimi tu, ndio usione aibu."

"Ngozi gani?" Jeptoo aliuliza, akamgeukia mumewe.

"Si hiyo tu, Mum. Mr. Morita alifanyiwa surgery ya utumbo miaka miwili iliyopita. Ana ule mfuko wa kupokea choo, hapa tumboni. Tangu hiyo siku hajaoga na mtu, hata ndugu zake. Alitualika, lakini kwa aibu alikuwa ame-plan tukifika aseme ana mafua, akae nje. Nilipomwambia kuhusu ngozi ya Dad, alilia. Akasema, basi tutaingia wote wawili."

Kigen aliutazama mkono wake juu ya meza, umepakwa mafuta, unang'aa, hauna hata kipele kimoja. Kwa wiki nzima alikuwa amewatemea kinyaa watu wasiomkosea lolote, maji yao, samaki wao, vitambaa vyao vya kichwani. Sasa kinyaa kilikuwa kimepata mwenyewe, na kilimkaa vizuri kuliko alivyotarajia. Mifuko kama huo wa Morita alibadilisha minne au mitano kwa siku, huku akiwauliza wagonjwa habari za wajukuu. Hakuwahi kukunja pua.

"Baba Brandon," Jeptoo alisema polepole, "umemfanyia nini mzee wa watu?"

Kigen aliivuta simu karibu. "Mfuko wake ni wa kipande kimoja au viwili?"

"What?"

"Muulize. Tena muulize upana wake. Maji ya moto hulegeza gundi. Nitambebea utepe usioingiza maji, na mifuko ya akiba. Mchana asile sana, na aumwage kabla hatujaingia. Mwambie nimewafunga wengi, na wake nitaufunga mwenyewe. Hautavuja."

Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili. Brandon alikuwa akiandika.

"Sawa. Na ngozi yako je? Nimwambie imepona?"

"Usimwambie kitu. Hiyo nitamwonyesha mwenyewe."

"Dad, atakasirika."

"Atakuwa na haki," Kigen alisema. "Lakini tutakuwa tumeshaingia majini."