Ugali wa Mtani

Siku Efraimu alipofariki, jembe la mkewe lilifichwa. Wake za wanawe walimketisha Enesi mkekani, wakamwambia, "Mama, umefanya kazi vya kutosha. Sasa ni zamu yetu." Maji aliletewa, uji aliletewa, hata kanga alifungwa. Ilikuwa heshima, naye akaipokea hivyo.

Matanga yakaisha, heshima haikuisha. Msimu wa kahawa ulipofika kijijini Iyula, Enesi hakuweza tena kuinuka kigodani bila kushikwa mkono. Mwanawe Dennis akapiga simu kutoka Tunduma: mwishoni mwa mavuno atakuja kumchukua, nyumba ifungwe. Enesi akatazama kaburi la mumewe kando ya mibuni. Hakutaka kwenda.

Ndipo akaja Gwalugano, mtani wa ukoo, bibi kikongwe mwenzake. Hakuna wa kumzuia, maana mtani hakasirikiwi.

"Aliyekufa Efraimu, mbona aliyezikwa ni wewe?" alibwata tangu mlangoni. "Nina njaa. Nisongee ugali."

Fides, mkwe aliyebaki naye pale, akainuka.

"Kaa chini, binti! Nimemwambia mjane."

"Bibi, mama hana nguvu."

"Nguvu zake mmezila ninyi!"

Enesi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akashika nguzo, akainuka, akaenda jikoni kusonga. Ugali ulitoka na mabuje ya unga usioiva. Gwalugano akaumaliza wote huku akiutukana.

Muuguzi wa zahanati naye akasema yaleyale kwa upole: mwili wa mzee usipotumika hunyauka, na uji mtupu haujengi misuli. Basi Enesi akala maharage na mayai. Akajizoeza kukaa na kuinuka bila kushika kitu, akatembea hadi mibuni, baadaye hadi kisimani. Kuna siku magoti yaligoma. Kesho yake alianza upya.

Dennis alipofika na gari, mama yake alikuwa anatoka shambani na kikapu cha kahawa mbichi.

"Mama! Nani kakuruhusu?"

"Kwani nilifungwa? Ingia ule, mwanangu, kisha urudi kwa mkeo."

Akapanda ngazi za baraza bila kugusa ukuta. Dennis akamgeukia dereva aliyemleta, kifua mbele.

"Umemwona? Huyo ndiye aliyenizaa."

Gari lilirudi Tunduma bila Enesi. Anaishi kwake, na Jumapili huenda kanisani kwa miguu.