Seli za Millaray

"Yote nikwambiayo ni kweli tupu, mama. Nikiongeza chumvi hata punje, nife siku mvua hii itakapokatika," aliapa Don Eleuterio Barría, mkono kifuani. Na Valdivia, mji wa mvua kusini mwa Chile, mwezi wa Agosti, mtu anayeapa hivyo amejipangia umri mrefu.

Rosalba Catrilef alikuwa ameinamia hadubini ya maabara. Ndani ya chupa bapa yenye maji mekundu, seli nyembamba zililala zimeelekea upande mmoja, kama samaki wanaopanda mto. Zilikuwa, kwa maneno ya mzee, za ngozi ya Millaray, binti wa Rosalba, aliyefariki miaka miwili nyuma akiwa na miaka tisa. Kila Alhamisi mama huyo alikuja kuziamkia. Aliziambia bei ya viazi, na nani kaolewa, na kwamba mdogo wake Millaray, Noelia, bado anameza dawa.

"Zimenenepa," alisema.

"Zinasikia sauti yako. Jana zilikuwa zimenuna."

Rosalba alitabasamu, akamwachia mikate ya kukaanga iliyofungwa kitambaani, akashuka kumfuata Noelia, aliyemsubiri chini ukumbini kwa kuwa ngazi zilikuwa zimeanza kumshinda.

Eleuterio alikuwa amestaafu, ila maabara ilimwachia ufunguo kwa sababu hakuna mwingine aliyezilisha seli zikakubali. Hakusomea popote. Alianza na ufagio, akajifunza kwa kuchungulia mabegani mwa madaktari. Uongo wake wote mjini ulikuwa wa kuchekesha: yuko simba wa bahari pale soko la samaki, alisema, anayepanga foleni na kukataa samaki wa jana. Watu walicheka, wakaenda zao.

Huu wa sasa ulianza Aprili. Ukungu uliingia kwenye kabati la joto, na asubuhi moja akakuta chupa zote za Millaray zimeota manyoya meupe. Akiba iliyogandishwa ilikuwa imekwisha. Ilikuwa Alhamisi, na viatu vya Rosalba vilishasikika kwenye ngazi. Pale maabara kila mfanyakazi alikuwa amewahi kutoa kipande cha ngozi, ili pawe na seli za mtu mwenye afya za kulinganishia. Mzee akatwaa chupa ya ngozi yake mwenyewe, akafuta jina, akaandika la marehemu. Alinuia kukiri kesho yake. Lakini mama aliondoka siku hiyo uso umemng'aa, na kesho ikawa wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa mwezi.

Mei, mzee akiwa kitandani na kikohozi, Daktari Maite Oyarzo alichukua chupa ile bila kumwuliza, kujaribia dawa ya ugonjwa uliomwua Millaray. Seli zikastawi ajabu. Juni, Noelia, mwenye ugonjwa uleule, akaanzishiwa dawa hiyohiyo.

Sasa, saa moja baada ya Rosalba kuondoka, Maite alifunga mlango.

"Kaa, mzee."

Akamweleza polepole, ingawa yeye ndiye aliyefundishwa na mzee kushika chupa. Katika kila seli mna majiko madogo ya moto, mitokondria, na ndani yake kuta zenye mikunjo. Protini iitwayo prohibitini hujipanga pete na kuisaidia mikunjo isimame, kama vyuma vinavyobeba sufuria juu ya jiko la kuni. Kwa Millaray ilikuwa haba mno, mikunjo ikalala, moto ukafifia, misuli ikatangulia kufa. Ikizidi nayo ni balaa lingine, maana saratani nyingi hujikinga nayo zisife. Jana alikuwa ameipima kwenye seli ambazo hazikuonja dawa hata tone.

"Imejaa tele, mzee. Kama ya mtu mzima asiyeumwa. Basi nikatazama kromosomu. Millaray tangu lini akawa mwanamume?"

Eleuterio aliuchokonoa mkate. Alikuwa na hadithi mbili tayari mdomoni, ya tatu inakuja. Zote zikamkauka.

"Ni za kwangu, mwanangu."

Maite hakupaza sauti. Alisema mtoto amemeza dawa wiki kumi kwa ushahidi wa ngozi ya mzee asiyeumwa, na wiki hizo hazirudi. Dawa inasimama leo. Kosa la kutozihakiki seli ni lake mwenyewe, ataliandikia ripoti na kulibeba. Kesho atamkata Noelia kipande cha ngozi, waanze upya, kama muda upo.

"Mama yake nitamwambia dawa haifai. Hayo mengine utamwambia wewe."

Asubuhi mzee alimkuta Rosalba ukumbini, Noelia amesinzia benchini mbali kidogo. Akamwambia, amesimama, kofia mikononi, bila kupamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa nikimsimulia nani?"

"Mimi, mama."

"Ile siku ya kuzaliwa kwake. Nilizibusu kwenye kioo."

"Mimi."

Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa ndani ya nyumba isiyo yake. Kisha akasema mtoto hawezi kupanda. Mzee ambebe, na huko njiani mzee mwenyewe amwambie, kwa sababu yeye mama hana nguvu ya kumzika mwanawe mara ya pili mbele ya huyu mdogo.

Eleuterio akamwinua. Mtoto alikuwa na miaka saba na uzito wa paka. Akapanda, mama nyuma yao.

"Nisimulie ya simba wa bahari," Noelia alisema.

"Leo hapana." Akasimama apate pumzi. "Zile seli za dada yako zilikufa, binti. Aprili. Niliwadanganya."

Akaanza tena kupanda.

"Zote?"

"Zote."

"Hata moja ndogo haikubaki?"

Mlango wa juu ulikuwa wazi, na Maite amekwisha kuvaa glavu. Nyuma ya mgongo wake, mzee alisikia Rosalba ameacha kupanda.

"Hata moja," alisema mzee.