Kungoja Daraja

Kutoka mlango wa nyumba yake mpaka ukumbi wa kampuni ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye mapafu yake. Kimbunga alitumia dakika ishirini, na njiani aliinama mara tatu kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kila alipoinama mkewe alisimama naye, akawapazia sauti majirani na kuwaulizia watoto wao mmoja mmoja, ili wamtazame yeye. Jina la Kimbunga alipewa enzi zile alipoishika peke yake mashine ya kutoboa mwamba, ambayo wenzake waliishika wawili wawili. Jina lilikuwa limebaki, mwenyewe ameisha.

Vumbi ndilo lililomla. Huko chini mgodini huling'amui, unalivuta tu miaka nenda miaka rudi, halafu siku moja unakohoa na hukomi. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, usiseme. Mchimbaji akimaliza mkataba wa miaka ishirini apimwe kifua, akikutwa na vumbi kampuni imtibu na imwachie nyumba mpaka afe. Ila anayeachishwa kabla ya hapo hapimwi, na hapo ndipo kampuni ilipoona mwanya. Nyapara wao, waliyembandika jina la Tochi, alizunguka na masikio yake kwenye foleni ya lifti, kantini, hata makaburini wakizika. Akisikia mtu anakohoa, anaandika namba yake, na wiki haiishi mtu huyo anarudisha ufunguo wa nyumba. Kimbunga alikuwa amebakiza miezi minne.

Miezi minne ya kutokohoa. Jaribu wewe siku moja.

Kilichomsaidia ni sinema. Kila Jumapili saa kumi jioni kampuni iliwaonyesha picha ya bure, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watu wamebanana kwenye mabenchi. Picha ilikuwa ileile moja tangu mashine ya sinema iletwe, na lugha yake hakuna aliyeijua. Hilo halikuwashughulisha. Yule kijana mwenye kofia walimwita Mkwe, kwa kuwa picha nzima anambembeleza mzee mmoja ampe binti yake, na mzee kakaza shingo. Kulikuwa na farasi na uwanda wa nyasi usio na mwisho, na upepo unazilaza nyasi. Kimbunga aliupenda upepo ule kuliko binti. Aliutazama kwa mdomo wazi, na kwa dakika chache alisahau kwamba ana kifua.

Halafu kulikuwa na daraja. Mwishoni treni inaingia darajani, baruti inalipuka, na spika zinatikisa mabati ya ukumbi karibu dakika nzima. Dakika hiyo ndiyo wanaume waliyokuwa wakiifuata. Walikohoa kikohozi chao chote cha wiki, wameinamiana, vitambaa mdomoni, na Tochi pale mlangoni asisikie ila mlipuko. Moshi ukitulia kwenye pazia, nao walikuwa wametulia, wanajifuta machozi. Basi ikawa ndiyo lugha ya kambi. Ukimuuliza mwanamke bombani mumewe anaendeleaje, anakujibu anangoja daraja.

Mwezi ule alikuja meneja mpya, mtu wa tabasamu. Akatangaza kwamba amewaagizia picha nyingine, ya kuvunja mbavu. Kambi nzima ikaingiwa na baridi. Picha isiyo na mlipuko, tena ya kuchekesha, na kicheko ndicho kinachokiamsha kikohozi! Wakakaa, wakakubaliana aende Kimbunga akaongee, maana ndiye mkongwe na anaheshimika.

Alikwenda akiwa amefunga kamba za viatu mara mbili hapo mlangoni.

"Nawaletea kitu kipya, bure, mnakataa?" meneja aliuliza.

"Hatukatai, Bwana Mkubwa. Tunasema hii ya daraja inatutosha."

"Mmeiona mara ngapi?"

"Ni miaka mitatu tu, Bwana Mkubwa. Hatujaizoea bado."

Meneja alicheka, akasema sawa, picha ibaki. Alipokwisha kucheka alimtazama Tochi aliyesimama karibu na kabati, na Tochi akakitazama kifua cha Kimbunga.

Wenzake walimpongeza kwa kumpiga mabega, mpaka akawaomba waache. Mkewe peke yake ndiye ambaye hakufurahi. Alikuwa akichambua mboga, akasema bila kuinua uso, "Watu hawakatai cha bure hivi hivi, baba. Atajiuliza." Kimbunga akamwambia aache uchuro.

Jumapili iliyofuata meneja aliingia ukumbini, akasimama nyuma kwenye mashine, kando ya fundi wa picha. Fundi huyu alikuwa mdogo wake mkewe Kimbunga, shemeji mtu, aliyetafutiwa kazi ile na Kimbunga mwenyewe. Daraja lilipolipuka meneja hakulitazama. Alitazama migongo ya watu. Akaondoka kabla taa hazijawashwa.

Jumapili ya pili yake alikuwa palepale tena, na Tochi amekuja na daftari jipya. Kimbunga alikuwa na wiki mbaya. Tangu Jumanne alikuwa akimeza kikohozi kama mtu anayemeza mawe, usiku anakiuma kwenye mto. Mkwe alipopanda farasi, jasho jembamba lilimtoka. Treni ikapiga king'ora. Mkewe akamshika goti, akamnong'oneza kwamba bado kidogo. Treni ikakanyaga daraja, baruti ikawaka, na Kimbunga akaachia kifua chake, yeye na wanaume wote wa ukumbi ule.

Daraja lilianguka kimya.

Vyuma vilikatika, mabehewa yakamiminika mtoni, moshi ukapanda, na hapakuwa na sauti yoyote ila kukohoa. Kilichoanza hakikuzuilika. Kimbunga alijiziba mdomo kwa mikono miwili na kikapita puani. Taa zikawashwa. Tochi alipita benchi kwa benchi bila haraka, anauliza namba, na watu walizitaja katikati ya kukohoa kwao. Alipofika kwao, mkewe Kimbunga aliinuka, akaanza kukohoa yeye, kwa nguvu, kikohozi cha uongo kilichomkwaruza koo, akasema ni yeye, mzee hana kitu.

"Kaa chini, mama," Tochi alisema. "Wewe huna namba."

Jioni shemeji alikuja, hakuvuka kizingiti. Alisimama nje ameshika mlango. "Dada, mkono wa meneja ulikuwa juu ya mkono wangu, pale kwenye swichi ya sauti," alisema. Dada yake akarudi kukunja nguo.

Barua zilitoka Jumatano, thelathini na saba. Hazikutaja ugonjwa wala vumbi. Zilisema huyu ameachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kuvuruga burudani ya wafanyakazi wenzake, na arudishe ufunguo Jumapili mchana. Kimbunga alienda zahanati kuomba apimwe, akaulizwa namba, akaitaja, akaambiwa namba hiyo haipo.

Jumapili walikaa juu ya mizigo yao kando ya ukumbi, migongo kwenye mabati, wanangoja lori la kuwatupa barabara kuu. Lori lenyewe lilikuwepo. Dereva ndiye aliyekuwa ndani ya ukumbi, anatazama picha, na alikuwa amesema hatoki mpaka iishe. Sauti ilikuwa imerudishwa. Kupitia mabati Kimbunga alisikia farasi, akasikia ule upepo wake. Kifua kilimchemka, mishipa ya shingo ikamsimama.

Mkewe alimshika mgongo. "Kohoa, baba. Kohoa tu. Nani atakuandika sasa?"

Alitikisa kichwa. Mkewe aliutazama ukuta wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanaume thelathini na saba waliketi juani vitambaa mdomoni, macho yamewatoka, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"Bado kidogo," Kimbunga alisema kwa pumzi iliyobaki. "Treni haijafika."