Nyuzinyuzi za Mama Mkwe

Sungura alinunuliwa kwa ajili ya binti wa nyumba, ambaye alimpenda wiki nzima kisha akamsahau. Aliyebaki naye ni mama mtu, mfamasia, mwanamke asiyeweza kumeza hata pipi bila kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Sungura mwenyewe walimwita Meneja, maana alishinda amekaa palepale, akitafuna na kuwatazama wengine wakifanya kazi.

Daktari wa mifugo alipompapasa Meneja tumbo na kusema amenenepa kupita kiasi, mfamasia aliona ametukaniwa ukoo. Jioni alirudi na mifuko mitatu ya chakula cha punje, akaipanga mezani, akavaa miwani. Wa kwanza ulikuwa wa rangirangi, wenye mbegu na vipande vya mahindi. Nyuzinyuzi kiduchu, na molasi, ule uji mtamu wa miwa, imetajwa mapema mno kwenye orodha.

"Hizi ni peremende," alisema, akausukuma kando.

Wa pili ulijaa kalsiamu ya kumfaa sungura mchanga anayejenga mifupa, si mtu mzima mwenye kitambi. Huo ungemletea mawe kwenye kibofu. Wa tatu ulikuwa na punje za kahawia, zote sura moja, hazina mvuto hata kidogo. Nyuzinyuzi robo nzima ya uzito, protini ya kiasi, mafuta ya kuhesabika.

"Huyu ndiye," alisema, kama anayemchagulia binti yake mchumba.

Mumewe, fundi wa lifti, alikuwa anapaka siagi kwenye mkate mweupe. "Na mimi utanisomea lini?"

"Wewe ulipelekwa shule. Jisomee."

Akazimimina punje kwenye chupa pana ya kioo na kuiweka kwenye rafu ya jikoni, kati ya majani ya chai na sukari.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji na la pili linangoja zamu yake, na kliniki ilikuwa karibu na nyumba ya mwanawe. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na tangu siku ya harusi hakuwahi kusifia hata maji ya kunywa katika nyumba ile. Chai nyepesi, mchuzi hauna nia, mwanawe amekonda. Mfamasia alikuwa ameshazoea kuyameza maneno yake kama vidonge vichungu, tena bila maji.

Asubuhi moja alitoka kuoga akamkuta mama mkwe mezani, bakuli la maziwa ya moto mbele yake, anatafuna taratibu.

"Mwanangu," alisema yule mama, neno ambalo hajapata kumwita, "kumbe kununua chakula unajua! Hiki nakila tangu juzi. Tumbo langu lilikuwa limegoma, sasa linafanya kazi kama jipya. Mbona ulikuwa unanificha?"

Mfamasia aliitazama ile chupa. Ilikuwa imefika nusu.

"Sikukuficha, mama," alijibu, na hapo hakusema uongo.

Chumbani, mumewe alicheka mpaka akaangukia kitanda. Kisha kicheko kikamkauka. "Mwambie wewe."

"Ni mama yako!"

"Ndiyo maana nasema mwambie wewe."

Mfamasia aliufuata mfuko, akausoma upya, kidole kikitambaa mstari kwa mstari. Vipo vyakula vya sungura vinavyochanganywa dawa; hiki hakikuwa nayo. Akachukua na pakiti ya nafaka waliyokuwa wakila wenyewe kila asubuhi, akalinganisha. Kwa sukari, kwa chumvi, kwa nyuzinyuzi, Meneja aliwashinda wote. Badala ya kumtuliza, hilo lilimkera. Akampigia daktari wa mifugo.

"Anakula kiasi gani?" aliuliza daktari.

"Bakuli moja asubuhi, na maziwa."

"Maziwa? Sungura mkubwa hapewi maziwa! Ana kilo ngapi huyo?"

"Themanini kasoro."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikianguka.

"Si sungura, daktari. Ni mama mkwe."

Daktari alikohoa kikohozi kirefu cha kutia shaka. "Mimi natibu wanyama tu," alisema mwishowe. "Lakini mwachishe."

Basi akanunua nafaka ya watu, ile ya bei ya kuumiza, akaimimina kwenye chupa ileile. Kesho yake mama mkwe alionja kijiko kimoja, akatema.

"Hiki ni chakula cha mifugo! Nimekusifu siku mbili tu umeshaanza ubahili?"

Fundi wa lifti alikumbuka ghafla kwamba kuna watu wamekwama ghorofani, akatoka na kikombe chake mkononi. Mfamasia akavuta kiti.

"Mama, kile cha mwanzo kilikuwa cha Meneja."

"Meneja gani?"

Alitaka kumwonyesha Meneja kwa kidole, akakumbuka lile jicho. Akaenda kumchukua sungura, akamweka mapajani mwa mama mkwe. Yule mama alipapasa mgongo, akapapasa sikio moja, halafu la pili, mpaka mwisho. Mfamasia alijiandaa kwa maneno makali.

"Nimeshawaambia wenzangu wote," mama mkwe alinong'ona. "Kikundi kizima cha wapishi wastaafu. Wanataka jina."

Simu yake ikaita papo hapo. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Mama mkwe akaisukuma simu kwa mfamasia, akamshika mkono kwa nguvu. "Sema ni dawa. Sema haiuzwi ovyo."

Mfamasia, ambaye hajapata kumdanganya mgonjwa hata kuhusu ladha ya dawa ya kikohozi, aliiweka simu sikioni.

"Ni mchanganyiko maalumu, shangazi. Hatutoi mpaka umwone daktari."

"Daktari gani?" iliuliza sauti ya simuni.

"Bingwa," alinong'ona mama mkwe.

"Bingwa," alisema mfamasia, na wote wawili wakaziba midomo.

Toka siku hiyo walikuwa chanda na pete. Fundi alirudi jioni akitegemea kuamua ugomvi, akakuta mlango wa jikoni umefungwa na wanawake wawili wanacheka nyuma yake. Alipogonga, walinyamaza. Alipouliza kuna nini, mama yake alimjibu kwamba mambo ya wakubwa hayamhusu.